Nyumba ya Mpasua Mbao na Neno "Urithi"

Mji wa Pemberton u katika pembe ya kusini-magharibi ya Australia, mwendo wa kilometa 330 hivi kusini ya Perth, katikati ya msitu wa miti mirefu iitwayo karri. Mwaka 1913 serikali ya jimbo la Australia Magharibi ilianza kujenga hapo viwanda vya kupasulia mbao, na wakati ule mahali penyewe paliitwa Big Brook. Shabaha ilikuwa kupata mataruma kwa ajili ya reli kubwa iliyokuwa ikijengwa tangu mwaka 1912 kati ya Port Augusta na Kalgoorlie, reli ya kilometa 1,690 hivi ambayo ilikwisha mwaka 1917. Pamoja na misumeno zilijengwa nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, zote za mbao na zote za namna moja. Kiwanja cha mji hakikutangazwa rasmi mpaka mwaka 1925. Basi nyumba za kazi zilitangulia, na mji ulifuata.

Baadhi ya nyumba hizo zingaliko, na watu wanakaa ndani yake. Wataalamu wa hifadhi wamezipa jina la urithi. Swali linalopasa kuulizwa ni hili: nyumba ya namna hiyo inaposemwa kuwa ni urithi, husemwa nini hasa? Tena, msomaji wa Kiswahili anayepewa neno hilo "urithi" kama tafsiri hupata maana gani ambayo aliyeandika kwa Kiingereza hakuiona? Maswali haya mawili hayatengani, kwa maana thamani ya jengo katika daftari la serikali si kitu kilichopigwa misumari ukutani. Ni maneno yaliyoandikwa kwa utaratibu maalumu, na maneno huweza kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote.

Kwanza yafaa nyumba yenyewe ijulikane. Nyumba ya mfanyakazi wa mbao katika sehemu zile aghalabu ni ya vyumba vichache, yapata vinne. Imeinuliwa juu ya nguzo fupi. Kuta zake ni mbao zilizopangwa zikilaliana ili maji ya mvua yateremke. Paa ni la mabati. Mbele kuna baraza, na upande mmoja kuna dohani la meko. Hakuna nakshi. Hakuna jambo lililofanywa kwa ajili ya jicho. Mbao zilitoka katika kiwanda kile kile alichofanyia kazi mwenye kukaa humo, na huenda aliyelala chini ya dari ile aliwahi kuushika ubao wake siku ulipotoka katika msumeno. Mti wa jarrah una sifa ya kushindana na mchwa. Karri, ijapokuwa ni mrefu na wenye nguvu, hauwezi kustahimili mchwa ukizikwa ardhini. Kwa hiyo hata uchaguzi wa mti gani ukae chini na upi ukae juu ni elimu iliyohifadhiwa ndani ya jengo.

Sasa tuje kwenye maandishi. Kanuni inayofuatwa nchini Australia ni Mkataba wa Burra, uliokubaliwa mwaka 1979 katika mji wa Burra, Australia Kusini, ukarekebishwa mara kadhaa, na toleo lake la karibuni ni la mwaka 2013. Mkataba huo wataka mahali papimwe kwa thamani za namna mbalimbali: ya uzuri, ya historia, ya sayansi, ya jamii, na, tangu marekebisho ya mwaka 1999, ya kiroho. Katika Australia Magharibi, sheria ya urithi ya mwaka 1990, na baada yake ile ya mwaka 2018, zilijenga juu ya msingi huo. Desturi ya wapimaji wa jimbo imekuwa kuongeza maswali mengine: je, mahali hapo ni adimu? Je, pawakilisha aina yake? Hali yake ni njema? Umbo lake limebaki kamili? Ni pa asili kweli?

Haifai kudharau utaratibu huo. Kabla ya kanuni za namna hii, kilichohifadhiwa katika nchi nyingi kilikuwa ngome, kanisa, jumba la gavana na nyumba ya tajiri. Mtu aliyeishi kwa shoka hakuwa na chochote ambacho mhifadhi angekitazama. Mkataba wa Burra, kwa kukubali thamani ya historia na ya jamii kuwa sawa na thamani ya uzuri, ulifungua mlango ambao nyumba ya ubao mtupu iliweza kupita. Si bahati tu kwamba mji wa Burra wenyewe ulikuwa wa machimbo ya shaba, na kwamba humo zimo nyumba za Paxton Square, zilizojengwa na kampuni ya machimbo kati ya mwaka 1849 na 1852 kwa ajili ya wafanyakazi wake, wakati ambapo wengi wao walikuwa wakikaa katika mapango waliyoyachimba kingoni mwa kijito. Mkataba huo ulizaliwa katika mji wa kota.

Walakini zipo kasoro tatu katika namna kanuni hizo zinavyozoea kuandikwa zinapofika kwa nyumba ya mfanyakazi, na kasoro zote tatu ni za lugha kabla hazijawa za ujenzi.

Kasoro ya kwanza ni umoja. Msamiati wa daftari la urithi hutaka kitu kimoja chenye jina: nyumba fulani, mfano mzuri wa aina fulani. Lakini nyumba ya mpasua mbao haikujengwa iwe moja. Ilijengwa ikiwa ya kumi au ya ishirini katika safu, kwa kipimo kile kile, ili isitofautiane na ya jirani. Kuisifu kuwa ni mfano mzuri ni kuipa sifa ambayo mjenzi alijitahidi isiwepo. Maana yake i katika kurudiwa. Ikibaki moja peke yake, imetengenezwa vizuri na kupakwa rangi, huku nyingine zimebomolewa, hugeuka kuwa kijumba cha kupendeza chenye baraza, na mgeni apitaye huona utulivu mahali palipokuwa na king'ora cha kiwanda, vumbi la mbao, na watu walioamka saa moja kwa sababu moja. Ni kweli kwamba Pemberton imetazamwa kama eneo zima la nyumba za wafanyakazi, na hilo ni jambo jema. Lakini hata hapo neno "adimu" huleta mgongano: nyumba hizi zapata thamani kwa kuwa chache, hali zilijengwa ziwe nyingi. Daftari lisiloeleza jinsi wingi ulivyogeuka kuwa uchache limeacha nusu ya historia.

Kasoro ya pili ni ile fikira ya ukamilifu na uasili. Fikira hiyo ilikua katika majengo ya mawe. Jiwe hukaa, ubao hubadilishwa. Nyumba ya ubao iliyokaa miaka mia bila ya kubadilishwa ubao hata mmoja ni nyumba isiyokaliwa, au ni nyumba inayokaribia kuanguka. Tena nyumba za viwanda vya msituni hazikufungwa mahali pamoja. Miti ilipokwisha na kiwanda kikafungwa, nyumba zilipakiwa zikapelekwa kwa kiwanda kingine, na nyumba moja yaweza kuwa imesimama katika miji miwili. Je, nyumba hiyo imepoteza uasili wake? Kwa kipimo cha jiwe, naam. Kwa kipimo cha kazi ya mbao, kuhama ndiko uasili wenyewe, kwa sababu nyumba ilifuata msitu kama mfanyakazi alivyoufuata. Kadhalika chumba kilichoongezwa nyuma na baba wa watoto sita, kwa mabaki ya mbao, mara nyingi huhesabiwa kuwa ni doa katika umbo la awali. Hapana budi kusema kinyume. Umbo la awali laonyesha mwajiri alivyofikiri juu ya mfanyakazi. Nyongeza yaonyesha mfanyakazi alivyofikiri juu ya nafsi yake. Anayeiondoa nyongeza ili airudishe nyumba katika hali ya mwaka 1913 amelinyamazisha shahidi mmoja kati ya mashahidi wawili.

Tena jambo hili si la nadharia tu, maana moto haungojei mjadala uishe. Mwezi wa Januari 1961 moto wa msituni uliteketeza mji wa Dwellingup pamoja na vijiji vya mbao vya Holyoake na Nanga Brook. Hivyo viwili havikujengwa tena. Mwezi wa Januari 2016 moto mwingine uliuangamiza mji wa Yarloop: watu wawili walikufa, zaidi ya nyumba 100 ziliungua, na karakana za kale za mbao, zilizokuwa zimetunzwa kama ukumbusho, zikawa majivu. Nyumba inapoungua, kinachobaki ni maelezo yake. Ikiwa maelezo yalisema tu kwamba ilikuwa ya mbao, yenye paa la bati na baraza, basi imeungua mara mbili.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo yahusu neno lenyewe. Katika Kiingereza neno linalotumika kwa jambo hili limekwisha poteza mtu aliyetoa na mtu aliyepokea; limebaki kuwa jina la jumla kwa mambo yote ya zamani yapendezayo. Kiswahili hakijafika huko. Neno "urithi" latokana na kitenzi "rithi", na kitenzi hicho hakitulii mpaka kipate watu. Mtu humrithi mtu. Mzazi humrithisha mtoto. Yupo mrithi, yupo mrithiwa, na katikati yao ipo mali iliyokuwa ya mmoja ikawa ya mwingine kwa haki. Katika sheria ya mirathi, iliyozoeleka pwani kwa karne nyingi, haitoshi kusema kitu kimerithiwa. Lazima isemwe kilikuwa cha nani, deni la marehemu ni lipi, na fungu la kila mmoja ni lipi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaposoma kwamba nyumba ya mpasua mbao ni "urithi wa jamii", masikio yake yana haki ya kuuliza: imerithiwa kwa nani?

Nayo ni swali gumu. Nyumba ile haikuwa ya mfanyakazi. Ilikuwa ya mwenye kiwanda, ambaye katika Pemberton alikuwa serikali. Kodi yake aghalabu ilikatwa katika mshahara, na aliyeacha kazi aliacha na nyumba. Mfanyakazi aliyeugua, aliyezeeka, au aliyegombana na msimamizi, alikuwa na jambo la pili la kuhofia baada ya mshahara: paa. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1907 wafanyakazi wa mbao wa jimbo hilo waligoma, na ya kwamba kugoma ukiwa ndani ya nyumba ya mwajiri si sawa na kugoma ukiwa ndani ya nyumba yako. Mwaka 1961 serikali iliuza biashara yake ya mbao kwa kampuni ya Hawker Siddeley. Katika mauzo ya namna hiyo, wanaokaa hawana kauli ya muuzaji wala ya mnunuzi. Basi mpasua mbao hakuwa na nyumba ya kumrithisha mwanawe. Kizazi chake ndicho kilichotolewa katika nyumba, na kizazi cha baadaye, ambacho pengine hakikupasua hata ubao mmoja, ndicho kilichotangazwa kuwa mrithi. Daftari lisiposema haya, neno "urithi" hufunika jeraha kwa kitambaa safi.

Iko pia hatua ya nyuma zaidi, ambayo lugha imeihifadhi kuliko jengo. Majina ya miti iliyojenga nyumba hizi, karri, jarrah na marri, ni maneno ya Kinoongar, lugha ya wenyeji wa kusini-magharibi ya Australia tangu kabla ya shoka la chuma. Kila taarifa ya mpimaji inayosema kwamba nyumba imejengwa kwa jarrah imelitaja, bila ya kukusudia, jina walilolitoa watu ambao ardhi ilikuwa yao. Mwaka 2021 mapatano makubwa kati ya serikali ya jimbo na Wanoongar juu ya haki zao za ardhi yalianza kutekelezwa, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ukataji wa kibiashara wa misitu ya asili ya jimbo hilo ulikoma. Hivyo nyumba ya mpasua mbao imesimama kati ya warithi wa namna tatu: wale ambao msitu ulikuwa wao, wale walioukata wasipate nyumba, na wale wanaokuja leo kuitazama nyumba bila ya msitu kukatwa tena. Taarifa nzuri ya thamani ni ile inayowaita wote watatu kwa majina.

Upande wa Kiswahili nao una kazi yake, kwa sababu istilahi za hifadhi zinatafsiriwa kila siku, na tafsiri mbaya hudumu. Nyumba ya aina hii itaitwaje? "Nyumba ndogo" haifai. Maana iliyoenea ya maneno hayo katika mazungumzo ya leo ni nyingine kabisa, na msomaji atacheka mahali pasipo mzaha. "Kibanda" chashusha jengo chini ya hadhi yake, kwa kuwa nyumba hizi zilijengwa na mafundi kwa vipimo. "Kijumba" chataja ukubwa tu. Lakini Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo ni "kota". Neno hilo limetoka katika Kiingereza, likakaa, likapata maana inayoeleweka pote penye reli, bandari, shamba kubwa na ofisi ya serikali katika Afrika Mashariki. Kota si nyumba tu. Ni nyumba ya mwajiri. Haiwi moja bali safu. Anayekaa humo anakaa kwa sababu ya kazi. Na siku ya kustaafu hurudisha ufunguo. Asemaye "amezaliwa kota" amekwisha eleza uhusiano ambao taarifa ya mpimaji hutumia kurasa nyingi bila ya kuutaja. Hapa lugha iliyokopa imekuwa sahihi kuliko lugha iliyokopesha.

Neno "thamani" nalo lahitaji uangalifu. Katika Kiswahili thamani huanzia sokoni, na kitu cha thamani ni kile chenye bei. Mkataba wa Burra, kinyume cha hayo, waweka juu ya thamani zote fikira moja kuu, ambayo kwa asili yake katika Kiingereza yakaribia "maana": mahali fulani pana jambo la kutuambia. Mfasiri akiandika thamani peke yake, mwenye nyumba atadhani kwamba anaongezewa bei, na mwenye kiwanja atadhani kwamba anapunguziwa. Akiandika "maana", atalazimika kueleza maana ipi, kwa nani, na tangu lini. Ni mzigo, lakini ni mzigo wa haki.

Jambo hili lina uzito nyumbani pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 iliweka vikomo vya miaka kwa vitu vya kulindwa, na kati ya vitu ilivyovitaja imo milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Hapana shaka kwamba mlango uliochongwa wastahili. Fundi wake aliweka ustadi wa mkono wake kwenye mti, na mti umeutunza. Lakini ubao usiochongwa nao una habari, na kota ya reli au ya mkonge, yenye mlango mmoja usio na nakshi, haikuwa na mtetezi katika msamiati uliotafuta umri na uchongaji. Kinachobomolewa bila ya kuandikwa hakibomolewi kwa chuki. Hubomolewa kwa kukosa neno. Pemberton yaonyesha kwamba nyumba tupu ya mfanyakazi yaweza kuingia katika daftari. Yaonyesha pia kwamba kuingia katika daftari hakutoshi, ikiwa daftari litaisifu nyumba kwa sifa za jumba.

Huenda ikajibiwa kwamba hoja hii yadai mno. Kwamba mpimaji si mwanahistoria wa vyama vya wafanyakazi wala si mtaalamu wa lugha. Na kwamba nyumba zinazokaliwa haziwezi kugeuzwa makumbusho ya manung'uniko. Jibu la kwanza ni kwamba kinachotakiwa ni sentensi chache tu, nazo ni sentensi za ukweli: nani aliijenga, nani aliimiliki, nani alikaa, kwa masharti gani, alitokaje, na nini aliongeza kwa mkono wake. Habari hizo hupatikana katika vitabu vya mishahara, katika hati za mauzo, na vinywani mwa wazee ambao hawatangoja. Jibu la pili ni kwamba nyumba inayokaliwa ndiyo inayohitaji maelezo ya namna hiyo kuliko nyingine, maana mwenye kukaa leo akijua kwamba chumba cha nyuma ni ushahidi, hatakiona tena kuwa ni aibu ya kuondolewa.

Kwa hiyo thamani ya nyumba ya mpasua mbao haiko katika uzuri wake, ijapokuwa yaweza kupendeza. Wala haiko katika umri wake, ambao ni mdogo. Iko katika jambo moja ambalo jumba la tajiri haliwezi kulisema: kwamba zilikuwako nyumba ambazo watu walizijenga, wakazilipia, wakazaa watoto ndani yake, wala zisiwe zao. Daftari likiandika hivyo, neno "urithi" litakuwa limepata watu wake. Lisipoandika, lingefanya vema kutumia neno jingine.